Inaluma ao inachoma? Namna ya kutambua sisimizi zenye sumu ku mukia huku Ituri

Ku Bunia, mutu akikanyaga sisimizi na akaruka akilia, jirani wanaitika neno moja: siafu. Iwe ndogo ao kubwa, nyeusi ao nyekundu, jina ni lile lile, na kosa lake ni lile lile: "imeniluma." Lakini ndani ya hilo neno moja mumejificha mambo mawili. Kuna sisimizi zinazoluma kwa mudomo, na kuna zingine zinazochoma kwa mukia, kama nyuki. Ya kwanza inaacha kidonda kidogo. Ya pili inaingiza sumu mu mwili, na kwa watu wachache hiyo sumu inaweza kufunga pumzi ndani ya dakika chache tu. Njo maana inafaa kujua ni gani iliyokushika, mbele ya kuiponda chini ya kiatu na kusahau.

Tuanze na siafu yenyewe, ile ya kweli, juu inabeba lawama ya wengine wote. Watu wa sayansi wanaiita Dorylus. Inatembea kwa mustari murefu, milioni nyingi pamoja, na ku pembeni mwa mustari kunasimama askari wenye kichwa kikubwa na taya zilizopindika kama mundu. Ukiiangalia karibu utashangaa: haina macho. Inafuata harufu na mutetemo wa udongo. Iko na mwiba kidogo ku mukia, lakini karibu haiutumii. Silaha yake ni mudomo. Askari akishika nyama hakuachi, na ukimuvuta mwili unakatika, kichwa kinabaki kimeng'ang'ania. Maumivu yake ni ya kukatwa, hakuna sumu kubwa. Hatari ya siafu ni wingi wao, na tutarudia hapo.

Kuna na zile nyekundu za ku miti ya maembe, zinazoshona majani kwa kujenga nyumba, ambazo ku pwani ya Afrika Mashariki wanaziita majimoto. Nazo zinaluma, halafu zinamwaga maji ya uchungu, asidi, juu ya kile kidonda. Inawaka sana, mutu anaweza kuapa kama amechomwa, lakini mwiba hazina kabisa.

Sasa zile zenye kuchoma. Sisimizi, nyuki na nyigu ni ukoo mumoja. Mwiba wao ulikuwa zamani chombo cha kutagia mayai, na kwa muda murefu sana ukageuka sindano ya sumu. Kwa hiyo paka jike ndiye anaweza kuchoma. Dume hana kile chombo. Hii inasaidia kupunguza woga fulani. Usiku wa mvua, ku taa ya parsele, kunakuja mududu munene wa rangi ya kahawia, tumbo kama soseji, mabawa marefu, anagonga balbu na kuanguka ndani ya sahani. Wamama wanafukuza watoto wakisema ni nyigu. Si nyigu. Ni dume ya siafu, anatafuta malkia, na mwiba hana. Kumbikumbi naye, yule tunakaanga na chumvi, hata si sisimizi: ni mchwa mwenye mabawa, na mchwa ukoo wake wa karibu ni mende.

Kutambua sisimizi yenye mwiba kunaanza ku kiuno. Kila sisimizi iko na kiuno chembamba kati ya kifua na tumbo, na pale kuna fundo moja ao mafundo mawili. Uipige picha na telefone, halafu uvute picha ikuwe kubwa: utaliona. Kundi ambalo watu wa sayansi wanaita Ponerinae, ambamo muko wachomaji wengi wakubwa wa Afrika, liko na fundo moja, nene na la kusimama. Na alama ya pili: tumbo yenyewe, nyuma ya lile fundo, iko imekazwa kidogo, kama gunia iliyofungwa kamba karibu na mudomo wake. Siafu nayo iko na fundo moja, kwa hiyo kiuno peke yake hakitoshi, uangalie macho. Zile za Ponerinae ambazo watu wanakutana nazo sana huku ziko na macho ya kuonekana, siafu haina hata moja.

Ya kwanza ya kujua ni Megaponera analis. Ku Tanzania wengi wangeiita sungusungu, na hilo jina linaifaa. Ni nyeusi, na ndani ya kundi moja kuna wakubwa na wadogo: kadogo kanaweza kuwa na milimita 5, mukubwa anafika milimita 18. Mutu wa Djugu ao Irumu aliyezoea mashamba na majani marefu anaweza kukutana nayo asubuhi ao jioni, ikivuka njia kwa mustari mufupi na munene, kama mukono wa mutu umelala chini. Hapo njo watu wanachanganya na siafu. Lakini mustari wa siafu unaweza kupita masaa mengi bila kuisha. Wa Megaponera unapita kwa dakika chache, kwa kawaida sisimizi 200 mpaka 600. Ukigonga chini na muti karibu nayo, itatoa mulio, "sss", ambao sikio la mutu linasikia vizuri. Siafu haifanyi vile. Ikirudi, utaona mizigo mu midomo: ni mchwa. Megaponera haikuli kitu kingine.

Safari yake inaanza na mpelelezi mumoja. Anatafuta mahali mchwa wanakula, anarudi nyumbani, anaita wengine, na wanatoka pamoja. Wakubwa wanavunja udongo uliofunika mchwa, wadogo wanaingia na kuchoma. Lakini mchwa nao wako na askari wenye taya za kukata, na wengi wanatoka kule miguu imekatika. Muchunguzi Erik Frank na wenzake walizifuata ku mbuga ya Comoé, inchi ya Côte d'Ivoire, na mu mwaka 2017 walitangaza jambo ambalo lilishangaza watu wengi: zile zilizoumia zinaitana kwa harufu, na wenzao wanazibeba mpaka nyumbani. Mwaka uliofuata wakaonyesha zaidi. Ndani ya nyumba wenzao wanalamba kidonda. Zile zilizokatwa mguu na zikakosa kulambwa, karibu 80 kwa 100 zilikufa ndani ya masaa 24; zile zilizolambwa, karibu 10 tu. Na mu 2023 ikajulikana kama zinatofautisha kidonda kisafi na kile kilichoingiwa na mikrobu, na kile kibaya zinakipaka dawa inayotoka ku tezi la ubavu wa mwili wao wenyewe. Kwa mududu ambaye ku parsele tunamumwangia petroli, hiyo ni kazi ya munganga kamili.

Mukulima anapaswa kujua hilo kwa sababu ingine vilevile. Mchwa wanaokula mahindi na mbao za nyumba ni chakula cha Megaponera. Mustari ukipita kando ya shamba, njia nzuri ni kuuachia nafasi. Haiwindi mutu. Inachoma ukiikanyaga, ukiishika, ao ukisimama juu ya tundu lake. Uchungu wake ni mukali, unapungua baada ya muda, na mahali panaweza kuvimba.

Ya pili, Paltothyreus tarsatus, ni kubwa zaidi, inaweza kufika santimita 2, nyeusi. Yenyewe mara nyingi inatembea peke yake, mu musitu na ku kivuli cha mashamba ya zamani, ikipekua majani yaliyoanguka. Wachuma kuni wa Mambasa na wale wanaolima chini ya miti ndio wanaikuta. Alama yake ni ku pua: ukiikamata, inatoa harufu mubaya sana, kama mayai yaliyooza. Kwa kizungu wanaiita sisimizi ya kunuka. Kitu cha kushangaza, maji yenye kufanya ile harufu, yenye salfa ndani, ni ya aina ile ile ambayo Megaponera iliyoumia inatumia kwa kuita wenzake. Herufi ni moja, maana ni mbili.

Ya tatu inaogopwa ku musitu kuliko hizo zote, na haiko hata ndani ya kundi la Ponerinae. Ni Tetraponera aethiops. Ni nyeusi, nyembamba, macho makubwa, na kiuno chake kiko na mafundo mawili. Inakaa ndani ya matawi ya muti wa Barteria, muti wa misitu ya bonde la Congo ambao matawi yake ya kando yako wazi ndani kama bomba. Muti unaipa nyumba, nayo inaulinda: inakata mimea inayotaka kuukaribia, na mutu ao nyama akigusa shina, zinashuka kwa wingi na kuangukia kichwa na mabega. Uchungu wake haukai ku ngozi tu, unaingia ndani, na unaweza kudumu siku moja mpaka mbili. Mutu anayefyeka shamba jipya ao anayekata miti, aangalie muti wenye matawi yaliyolala sawasawa kila upande na chini yake pasafi kama pamefagiwa. Muti wa vile, aupite mbali.

Haya majina ya Kilatini yanaweza kuonekana ni mambo ya wageni. Lakini sehemu moja ya historia yake ilipita hapa hapa. Mu mwaka 1909, watu wawili wa jumba la makumbusho la New York, Herbert Lang na James Chapin, waliingia Congo, wakabaki mpaka 1915, wakipita musitu wa Ituri na inchi ya Uele. Walifika Avakubi, ku kando ya muto Ituri, si mbali na Nia-Nia. Walifika na Medje, Niangara na Faradje. (Ni kule Avakubi, mu 1913, Chapin alipata unyoya mumoja ambao miaka zaidi ya 20 nyuma ulimufikisha ku tausi wa Congo.) Walitafuta okapi na ndege na samaki, lakini walitia na sisimizi ndani ya alkoli. Chupa zikavuka bahari. William Morton Wheeler, mwalimu wa Chuo cha Harvard, akazipanga moja moja, na mu 1922 kikatoka kitabu cha zaidi ya kurasa 1,000 juu ya sisimizi za Congo. Mubelgiji Joseph Bequaert, aliyetembea sana mu inchi hii miaka ile, aliandika ndani yake juu ya sisimizi na mimea, na muti wa Barteria umo.

Ukifungua kile kitabu leo kwa kutafuta Megaponera analis, hautaipata kwa jina hilo. Wheeler aliiita Megaponera foetens, maana yake "yenye kunuka", jina ambalo lingefaa zaidi yule ndugu yake mukubwa. Baadaye likarudishwa jina analis, ambalo Mufaransa Latreille alilitoa mu 1802. Halafu, mu karne ile ile ya 20, wachunguzi waliona kama hizi za fundo moja zinafanana sana, wakaziingiza nyingi pamoja ndani ya ukoo mumoja mukubwa, Pachycondyla. Megaponera ikapoteza jina, Paltothyreus ikapoteza jina. Ilikuwa kama kuandikisha jamaa zote za kartie chini ya baba mumoja juu wote wanavaa koti moja. Wakati watu walianza kusoma ADN, ikaonekana kama wengi ndani ya hiyo nyumba hawakuwa ndugu wa karibu. Mu 2014 Chris Schmidt na Steve Shattuck wakaigawanya ndani ya koo zaidi ya kumi, na Megaponera na Paltothyreus wakarudishiwa majina yao.

Mu ule mugawanyo kulikuwa sisimizi ingine, ndogo kuliko hizo, ambayo inagusa afya ya watu moja kwa moja: Brachyponera sennaarensis. Jina lake linatoka Sennar, ku Sudani, na inajulikana toka Afrika Magharibi mpaka Mashariki. Haina sura ya kutisha. Inakaa karibu na watu, ku nyufa za simenti, ku bustani. Ilivuka mpaka inchi za Kiarabu, na kule, ku Emirati na Saudi Arabia, waganga waliandika wagonjwa walioanguka baada ya kuchomwa nayo, na wengine walikufa. Si kwamba sumu yake ni kali kuliko ya Megaponera. Ni kwamba mwili wa watu fulani, baada ya kuchomwa mara ya kwanza, unaiweka sumu mu kumbukumbu, na mara ingine unajibu kwa nguvu ya kupita kiasi. Inaitwa alerji, na inaweza kuja na sumu ya sisimizi, ya nyigu ao ya nyuki.

Kwa hiyo uchungu si kipimo cha hatari. Mutu anaweza kulia usiku kucha na kesho akaenda soko. Mwingine analalamika kidogo tu, lakini dakika kumi nyuma midomo imevimba, mapele yametoka mwili muzima hata pale hakuchomwa, sauti inakauka, anapumua kwa shida, anatapika ao anasikia kizunguzungu. Huyo hatakiwi kungojea, wala kupewa majani kwanza. Alazwe chini, miguu ipandishwe kidogo, ao akae kama anashindwa kupumua, na afikishwe ku kituo cha afya kwa njia ya haraka iliyoko, hata ikiwa ni pikipiki, na mutu wa kumushika nyuma. Dawa yake ya kwanza ni sindano ya adrenalini ku paja. Na kama amepona, aambie kila munganga atakayemuona baadaye kwamba hilo lilimupata.

Kwa wengine wote, kazi ni ndogo. Kutoka pale mahali, kupangusa nguo, kuosha na maji na sabuni, kuweka kitambaa cha maji ya baridi. Kutoa pete ku kidole mbele kivimbe. Hakuna haja ya kuchanja na wembe, ao kupaka maji ya batri, ao petroli; hizo zinaongeza kidonda juu ya kidonda. Na usitafute mwiba: nyuki ndiye anauacha ndani ya ngozi. Hizi sisimizi zinautoa na kuondoka nao, njo maana moja inaweza kuchoma mara mbili, tatu. Ukikuta mwiba umebaki, ilikuwa nyuki.

Siafu inaomba mwenendo mwingine. Zikiingia nyumba usiku, watu wenye miguu wanatoka na wanarudi. Anayekufa ni yule asiyeweza kutoka: kuku ndani ya kizimba, mbuzi wa kamba, na kwa bahati mbaya zaidi mutoto muchanga, muzee mugonjwa, mulevi aliyelala nje. Wale wanaolala chini ndani ya hema, ku kambi za waliokimbia vita kandokando ya Bunia, wanajua hofu hiyo kuliko mutu wa nyumba ya tofali. Mbele ya kutafuta majivu ao moto, wabebeni watoto na wagonjwa, fungueni kamba za wanyama na mulango wa kuku. Moto ndani ya hema ni mubaya kuliko siafu. Kwa kawaida zinapita ndani ya masaa, na nyuma yake mende na panya wadogo wamepungua, faida ambayo hakuna mutu aliiomba.

Kama mutu amechomwa na hali yake haiko sawa, ile sisimizi yenyewe inasaidia kama inawezekana kuipata bila kupoteza wakati. Isipondwe. Ishikwe na kipande cha karatasi ao kijiti, itiwe ndani ya kachupa ka dawa kenye alkoli ya famasi. Karatasi ndogo iingie ndani ya chupa, imeandikwa mahali, tarehe na saa. Iandikwe na kalamu ya risasi, juu wino ya biki inafutika mu alkoli.